Si Kulisha, ni Kula Pamoja

Kitenzi kulisha ni kitenzi cha mwenye nguvu. Mfugaji hulisha mbuzi wake, mama hulisha mtoto ambaye hajajua kushika kijiko, muuguzi humlisha mgonjwa aliyelala chali. Hata nje ya jikoni maana haibadiliki: mtu hulishwa kiapo, hulishwa kasumba, hulishwa maneno ambayo hakuyasema. Popote kitenzi hiki kinapotumika, upande mmoja una mkono na upande wa pili una kinywa tu. Kula hakuko hivyo. Watu hula sinia moja, hula kikoa kwa zamu, hula bia kila mmoja akitoa fungu lake, na katika semi zote hizo hakuna anayemtazama mwenzake kutoka juu.

Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka inapoletwa mbele ya harakati ya Food Not Bombs, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Chakula, Si Mabomu. Kwa zaidi ya miaka arobaini vikundi vya harakati hiyo vimepika chakula kisicho na nyama na kukitoa bure katika viwanja na bustani za miji, kwanza Marekani, kisha katika nchi nyingi nyinginezo. Mswahili wa ughaibuni anapoulizwa ni watu gani wale wenye masufuria na bango la ngumi iliyoshika karoti, jibu jepesi huwa kwamba ni wasamaria wema wanaolisha maskini. Jibu hilo ni fasiri mbovu. Linamkosea mtenda, linakosea kitendo na linamkosea mtendwa. Ubaya wake zaidi ni kwamba ndilo jibu linalowafaa wale wanaotaka masufuria hayo yaondolewe machoni pa watu.

Chimbuko la harakati hii ni ugomvi kabla ya kuwa huruma. Mwaka 1980, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, vijana wachache waliokuwa wakipinga ujenzi wa kinu cha nyuklia cha Seabrook, katika jimbo jirani la New Hampshire, walianza kuuza keki ili wapate fedha za kumtetea mwenzao aliyekamatwa kwenye maandamano. Keki hazikuleta fedha za maana. Wakavaa sare za kijeshi, wakajifanya majenerali wanaouza keki ili wanunue ndege ya kudondoshea mabomu, na hapo wapita njia wakaanza kusimama na kuuliza. Dhihaka ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: shule na hospitali ndizo huchangiwa kwa keki, ilhali mabomu hayajawahi kukosa fungu katika bajeti.

Tarehe 26 Machi 1981 walikwenda mbali zaidi. Wenye hisa wa benki ya First National Bank of Boston walikuwa wakikutana katika jengo la Federal Reserve mjini Boston, na vijana wale waliishutumu benki hiyo kwa kugharimia miradi ya nyuklia. Walikusudia kuigiza mbele ya jengo hilo foleni ya supu ya miaka ya 1930, enzi ya mdororo mkuu wa uchumi. Waigizaji hawakutosha. Usiku wa kuamkia siku hiyo wakaenda kwenye bweni la watu wasio na makazi, wakawaeleza mpango wao, wakawaalika. Siku ya pili watu wapatao sabini wakajitokeza. Waliotazamiwa kuigiza njaa walikuwa na njaa yenyewe. Waliotoka kwenye mkutano wakiwa na tai shingoni wakajikuta mbele ya mchezo usiokuwa na pazia. Wengi wa wanadharia wa tamthilia wameandika juu ya kuvunja mpaka kati ya jukwaa na hadhira. Hapa mpaka ulivunjwa na uhaba wa waigizaji, na ulipovunjika vijana wale waligundua kwamba hawahitaji kuigiza tena.

Kutokana na siku ile ikazaliwa kazi ya kudumu yenye misingi mitatu isiyohitaji katiba ndefu. Chakula huwa hakina nyama, na hupewa yeyote anayekuja, awe mlevi au mcha Mungu, mwenye nyumba au asiye nayo, bila kuulizwa kitambulisho wala kuhubiriwa. Kikundi hakina mkuu. Maamuzi hufikiwa kwa kuafikiana. Na kazi yote ni sehemu ya harakati isiyotumia mabavu kwa ajili ya kubadilisha jamii. Ukiondoa msingi huo wa tatu, kinachobaki ni jiko la hisani. Ukiondoa ule wa pili, anayebaki ni mfadhili na watu wake. Anayeiita kazi hii kulisha maskini ameondoa yote miwili, akabakiza sufuria.

Suala la nyama nalo limefanyiwa mzaha mwingi, hasa na Waswahili, ambao kwao karamu bila nyama ni maneno matupu. Mzaha huo hauoni hesabu iliyomo. Kwanza, mtu anayesema hapana kwa umwagaji wa damu anataka kusema hivyo hadi ndani ya chungu chake. Pili, mboga na dengu kwa kawaida hazina hatari kubwa kama ya nyama, na mpishi asiye na jokofu wala leseni ya mkahawa hawezi kuthubutu kumtilia mgeni sumu. Tatu, chakula chenyewe kwa sehemu kubwa kimeokolewa kutoka sokoni na madukani kabla hakijatupwa, katika nchi ambayo wizara yake ya kilimo inakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 40 ya chakula huishia kupotea. Na nne, ambalo Mwislamu wa Minneapolis au wa Birmingham anapaswa kulitambua kabla ya mtu mwingine yeyote: sahani isiyo na nyama haina haja ya kuulizwa ilichinjwa na nani. Mwislamu, Mhindu, Myahudi na asiye na dini huketi mbele yake bila mmoja wao kuomba radhi.

Sasa yatazamwe yaliyowapata watu wa karoti. Tarehe 15 Agosti 1988 polisi wa San Francisco waliwakamata watu tisa kwenye lango la bustani ya Golden Gate kwa kutoa chakula bila kibali. Katika miaka iliyofuata idadi ya ukamataji mjini humo ilipita elfu moja. Mwaka 2006 jiji la Orlando, Florida, lilipitisha sheria ndogo kwamba anayetaka kugawa chakula kwa watu 25 au zaidi katika bustani za katikati ya jiji apate kibali, na kwamba bustani moja asipewe zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Mwezi Aprili 2011 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaikubali sheria hiyo. Mwezi Juni pingu zikaanza kazi. Mjini Fort Lauderdale, Novemba 2014, polisi walimzuia mzee wa miaka 90, mpiganaji mkongwe wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kupakulia watu chakula hadharani. Mjini Houston, kuanzia mwaka 2023, waliojitolea walipewa makumi ya hati za mashtaka kwa kupakua chakula mbele ya maktaba kuu, mahali walipokuwa wakikutana kwa miaka. Na nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2005 kwa madai ya jumuiya ya kutetea haki ya ACLU zilionyesha kwamba vikosi vya FBI vya kupambana na ugaidi vilikuwa vimewafuatilia watu wa harakati hii.

Swali la kujiuliza ni hili: ikiwa watu hawa wanalisha maskini tu, kwa nini dola iwaandame hivi? Makanisa, misikiti na mashirika makubwa hulisha maskini kila siku katika miji hiyohiyo, na mameya huenda kupiga picha nao. Jibu limo katika kile ambacho Houston ilikitaka. Jiji halikusema watu wasipewe chakula. Lilisema wakapewe kwenye maegesho ya magari ya mtaa wa Riesner, katika eneo la majengo ya polisi. Kwa mantiki ya kulisha, pendekezo hilo ni la busara: tumbo ni tumbo, na maharage hayabadiliki ladha kwa kuhamishwa mtaa. Kwa mantiki ya kula pamoja, ni sawa na kumwambia mshairi kwamba yuko huru kughani mashairi yake ndani ya stoo.

Mahakama ya rufaa iliyosikiliza shauri la Fort Lauderdale iliielewa hoja hiyo. Mwaka 2018 majaji waliamua kwamba kula pamoja hadharani, kwa namna kikundi kile kilivyofanya, ni tendo lenye ujumbe, na kwa hiyo linalindwa na kifungu cha kwanza cha nyongeza za katiba ya Marekani, kile kinacholinda uhuru wa kusema. Waliyapima mazingira kama mhakiki anavyopima matini: meza na mabango, mahali karibu na majengo ya serikali ya jiji, chakula kilicho wazi kwa yeyote, mjadala mkali uliokuwa ukiendelea juu ya wasio na makazi, na historia ndefu ya binadamu ya kuupa mlo maana. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba kanuni ya bustani iliyowataka waombe ruhusa ilikiuka haki hiyo ilipotumika dhidi yao. Mwezi Februari 2024 jaji wa shirikisho aliizuia Houston kwa muda isitumie sheria yake dhidi ya kikundi cha huko.

Wasomaji wa Shaaban Robert wamekwisha kuliona baraza la namna hii. Katika Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kueneza elimu ya sheria, na utetezi wake haukani tendo. Unaeleza maana yake mpaka mashtaka yenyewe yanaanza kuonekana ndiyo kosa. Watu wa Fort Lauderdale nao hawakukana kwamba walipakua. Walikana kwamba kupakua ni kupakua tu.

Kuna pingamizi zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza husema kwamba sahani ya dengu haiondoi njaa; itakayoondoa njaa ni sera, mishahara na nyumba. Ni kweli, na harakati yenyewe imesema hivyo tangu Boston. Lakini pingamizi hii ina kasoro: inachukulia kwamba sera hubadilika wakati njaa haionekani. Mwaka 2023 wizara ya kilimo ya Marekani ilihesabu watu wapatao milioni 47 wanaoishi katika kaya zisizo na uhakika wa chakula. Idadi kubwa namna hiyo haiwezi kuendelea kuvumilika ila kwa kufichwa, na kazi ya kuificha hufanywa na sheria za bustani, na sasa hata na sheria za kulala: mwezi Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la mji wa Grants Pass, iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala nje. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga. Hawakusema kwamba siku moja mwenye shibe atatunga sheria ya kutomjua.

Pingamizi ya pili ni ya usafi na utulivu wa mtaa: takataka hubaki, wenye maduka hulalamika, watalii hukimbia. Sehemu ya malalamiko hayo ni ya kweli, na kikundi chochote chenye adabu hufagia baada ya kula. Lakini takataka zina dawa yake, nayo ni pipa. Jiji linalotoa pingu mahali palipohitaji pipa limejieleza lenyewe.

Pingamizi ya tatu ndiyo inayowahusu zaidi wasomaji wa lugha hii, na haisemwi hadharani ila baada ya chai. Husema kwamba mambo haya ni ya vijana wa Kizungu waliochoshwa na shibe ya wazazi wao. Kwamba Mwafrika aliyevuka bahari hakuja kula supu ya karoti barabarani. Kwamba Waswahili wana hisani yao. Ni kweli kwamba baadhi ya wanaopika wangeweza kurudi kwenye shibe wakati wowote, na ni kweli kwamba maamuzi ya kuafikiana huweza kumaliza jioni nzima kabla kitunguu cha kwanza hakijakatwa. Lakini kudai kwamba kitendo chenyewe ni kigeni ni kusahau nyumbani.

Anayesafiri kwa barabara kati ya Nairobi na Mombasa hupita Makindu. Hapo liko hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli, ambapo msafiri wa dini yoyote, kabila lolote na mfuko wowote huketi na kula mlo usio na nyama bila kulipa. Ni desturi yao ya langar, yenye karne kadhaa, na kiini chake ni kwamba tajiri na maskini huketi mstari mmoja. Madereva wa malori hawajawahi kuona ugeni wowote katika jambo hilo. Mjini London, tangu mwaka 2013, mradi wa hema la Ramadhani ulioanzishwa na wanafunzi wa SOAS umekuwa ukifuturisha hadharani, Mwislamu na asiye Mwislamu, na umepata kufanya hivyo katika uwanja wa Trafalgar. Na Mswahili yeyote, popote alipo, akikutwa anakula husema karibu kabla hajameza tonge. Neno hilo halimuulizi mgeni kama ana njaa.

Hata methali inayotumiwa kuwafukuza watu mezani yafaa isomwe upya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: wengi huisoma kama kalamu ya kumfutia mgeni haki yake. Lakini jembe hupewa mtu wa nyumbani. Anayepewa jembe amekoma kulishwa; ameanza kuwa mwenye shamba pamoja na wenyeji. Katika vikundi vya Chakula, Si Mabomu aliyekula juzi mara nyingi ndiye anayemenya viazi leo, na kwa sababu hakuna mkuu, hakuna wa kumwambia kwamba kazi hiyo si yake. Hisani ya kawaida haina jembe la kumpa mtu. Inampa sahani ya plastiki na kumwambia apite upande ule.

Kosa kubwa kuliko yote la fasiri ya kulisha ni kwamba inalitoa neno mabomu katika jina. Hapo ndipo neno amani linapohitaji kutetewa. Katika siasa za Afrika Mashariki amani imefungwa ndoa na utulivu kwa muda mrefu hata watu wamesahau kwamba ni maneno mawili. Kenya ya Nyayo iliimba amani, upendo na umoja, na kuanzia mwaka 1979 watoto wa shule wakanywa maziwa ya bure yaliyoitwa kwa jina hilohilo. Maziwa yalikuwa mazuri na watoto walinenepa. Lakini yalikuwa ya mkono mmoja, na kila pakiti ilifundisha shukrani kwa mwenye mkono huo. Pilau ya kampeni hufundisha somo hilohilo kila baada ya miaka mitano. Kulisha na kunyamazisha vimekaa jirani muda mrefu: aliyejazwa kinywa hasemi.

Amani ya watu wa karoti ni ya namna nyingine. Ni hoja juu ya bajeti. Mwaka 2023, kwa hesabu za taasisi ya SIPRI ya Stockholm, dunia ilitumia kiasi cha dola trilioni 2.4 kwa majeshi. Marekani peke yake ilitumia dola bilioni 916. Mwaka huohuo mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba watu wapatao milioni 733 walikabiliwa na njaa. Kuziweka hesabu hizo mbili kando kwa kando si uchochezi wa wahuni wa mitaani. Rais Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi ya washirika Ulaya, alisema katika hotuba yake ya tarehe 16 Aprili 1953 kwamba kila silaha inayoundwa mwishowe ni wizi kutoka kwa wenye njaa. Aliyasema mbele ya wahariri wa magazeti na akapigiwa makofi. Waliolisema jambo hilohilo kwa sufuria mbele ya maktaba ya Houston waliandikiwa mashtaka.

Na kwa wanaodhani kwamba kuweka chakula upande mmoja na mabomu upande wa pili ni tamathali tu, Khartoum ipo. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, watu wa mitaani wenyewe, kupitia vyumba vyao vya dharura, wamekuwa wakipika vyungu vya ushirika huku makombora yakianguka. Hawana uhusiano wa jina na vijana wa Cambridge. Uhusiano wao ni wa kitendo: mpishi na mlaji ni majirani, na yeyote kati yao anaweza kuwa mwingine kesho. Msaada wa Marekani ulipokatwa mwanzoni mwa mwaka 2025, sehemu kubwa ya majiko hayo ilifungwa. Aliyetoa alikuwa na uwezo wa kutotoa, na aliutumia. Hiyo ndiyo sarufi ya kulisha ikifanya kazi yake kikamilifu, na ndiyo sababu mabishano juu ya kitenzi kimoja hayawezi kuachiwa watunga kamusi.

Jumuiya za Waswahili ughaibuni zina hitima, zina maulidi, zina michango ya msiba na harusi, na mikono yao si mizito. Lakini karamu hizo hufanyika ndani ya kumbi za kukodi, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya baridi, na mlinzi akiwa nje ya mlango huo. Mtu anayelala kwenye ngazi za jengo lilelile husikia harufu ya pilau, na masinia yakibaki hupelekewa fungu katika mfuko. Amelishwa. Hakuitwa. Wanaosema kwamba harakati ya masufuria ni jambo la kigeni wangeanza na mlango huo: waufungue, wampe kiti, wamkate kachumbari siku ya pili kama mwenyeji mwingine yeyote. Kiswahili kina neno la kumwambia, na hulijua hata mtoto.